Sufuria Yenye Karatasi ya Bei

Mjukuu wangu,

Siku ile nilipokutembelea Tabata, ulitoka kwenda kuninunulia soda, nami nikainuka kutafuta kitu cha kuchemshia chai. Chini ya meza nikakuta sufuria mbili, moja imelala ndani ya nyingine, na ile ya juu bado imebandikwa karatasi ya bei ya dukani. Mama yako ndiye aliyekununulia ulipopata kazi. Nilikuwa naye, alizigonga moja moja kwa kidole asikilize ipi nzito. Pembeni umesimama mtungi wa gesi wa kilo 6, vumbi limejaa shingoni. Miezi saba unaishi chumba kile. Nikairudisha sufuria mahali pake, na uliporudi sikusema neno. Mgeni hamkaripii mwenyeji wake siku ya kwanza.

Usiku ukaniuliza mwenyewe. Ulisema, "Bibi, wewe umeuza chakula maisha yako yote. Hivi si afadhali nile tu kwa mama ntilie? Nikipika peke yangu naona hela itakwisha zaidi." Nikakuambia nitakujibu, na nimekaa nalo swali lako wiki tatu. Nimelichukua kwa uzito kwa sababu wewe ni wa kwanza katika ukoo wetu kuniuliza habari ya kazi yangu kana kwamba ni kazi yenye elimu ndani yake.

Kwanza nikupe haki yako. Kwa upande wa hela, tena chakula cha mchana, hesabu yako haina kosa.

Nimepika miaka 27, tangu 1992 hadi 2019, kule viwandani Chang'ombe, pembeni mwa Barabara ya Pugu ambayo leo mnaiita Barabara ya Nyerere, na baadaye Keko. Kilo moja ya mchele ilinitolea sahani saba. Nane kama mchele ni wa zamani, maana mchele uliokaa ghalani hunywa maji na kuvimba, ule mpya hushikana. Kilo ya maharage pamoja na mchuzi wake inalisha watu kumi na tano. Mkaa unaoivisha kilo tatu za maharage ni karibu ule ule unaoivisha nusu kilo. Sasa njoo kwako, tuseme unapika. Unanunua robo ya maharage, fungu la nyanya, kitunguu, mafuta ya kupima, halafu unawasha gesi saa mbili nzima ili upate sahani mbili. Kabichi unalikata robo, robo tatu inaozea mlangoni. Kwa hiyo unapokula sahani ya wali maharage na mchicha pembeni kwa shilingi 2,000 hapo mtaani kwako, usijione mvivu wala mfujaji. Sufuria kubwa ina baraka yake, na yule mama anakugawia baraka hiyo.

Tena chakula chake kimetoka karibu kuliko unavyodhani. Wasikudanganye wanaosema chakula cha kibandani ni cha ovyo kwa sababu tu benchi ni la mbao. Mimi sikuwa na friji. Mama ntilie wengi hawana. Kinachonunuliwa alfajiri kinaliwa mchana, na jioni sufuria inaoshwa. Saa kumi na moja nilikuwa Feri, kwenye mnada wa samaki, natafuta vibua. Saa moja nimeshuka shimoni katika soko la Kariakoo kuchukua kabichi na karoti za Lushoto, nyanya za Ilula kule Iringa, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Mchele ulikuwa wa Kyela nilipoweza, wa Ifakara nilipobanwa. Dagaa walikuwa wa Kigoma, wamesafiri na treni ya Reli ya Kati zaidi ya kilomita 1,200, na bado walifika wanang'aa. Mchicha aliniletea mama mmoja kichwani, umande ungali juu ya majani. Nilimuuliza anamwagilia maji gani, na nilipojiridhisha kwamba ni ya kisima, ndipo nikachukua. Wako waliolima kando ya Mto Msimbazi, na mto ule unabeba maji taka ya jiji. Hao sikununua kwao, hata kwa nusu bei.

Mvua za El Nino za mwaka 1997 hadi 1998 zilipokata barabara, nyanya zilipotea kabisa. Niliunga mchuzi kwa ukwaju na embe mbichi, na wateja wangu walikula wakijua fika mvua imefanya nini huko mashambani. Mtu anayekula kwa mama ntilie anaijua hali ya nchi kwa ulimi. Sasa linganisha na zile chipsi unazoagiza kwa simu, zikaletwa na bodaboda kwenye boksi. Viazi huenda ni vya Njombe, sawa. Lakini sehemu kubwa ya mafuta ya kukaangia yanayouzwa mjini ni ya mawese yaliyovuka bahari kutoka Malaysia na Indonesia, ngano ya mkate wako nayo kwa wingi imekuja na meli, ilhali Singida na Dodoma wanakamua alizeti na Kigoma wana michikichi yao. Sikukatazi chipsi. Nataka tu ujue kwamba sahani ya ugali na dagaa na matembele inalisha watu wengi wa hapa kabla haijakufikia wewe: mvuvi, mchuuzi, mbeba tenga, mwenye mashine ya kusaga, na yule mama.

Ndiyo maana sitakuambia uache kula nje. Nitakuambia jambo jingine: jifunze kupika kwanza. Asiyejua kupika anakula gizani. Anaweza kula pazuri miaka kumi bila kujua kwa nini ni pazuri, na siku mambo yakiharibika hajui kilichoharibika.

Nilipokuwa naandaa chakula nilikuwa na wateja wa namna mbili. Mmoja anakaa, anakula, analipa, anaondoka. Mwingine anasimama kidogo kabla ya kukaa. Anatazama sufuria, anavuta hewa, anamwangalia mpishi mikono, ndipo anasema, "Mama, leo nipe ugali." Huyu wa pili alikuwa amelelewa jikoni. Sikuweza kumuuzia kitu kibovu, na kwa kweli nilimwogopa kwa namna nzuri, kama mwanafunzi anavyomwogopa mwalimu anayejua somo. Akinunua samaki yeye mwenyewe sokoni anafunua mashavu aone wekundu, anabonyeza mgongo aone nyama inarudi au inabaki na shimo. Akipewa samaki wa kukaanga aliyejazwa pilipili na limau mno, anajiuliza limau linaficha nini.

Chukua maharage. Mpishi aliyebanwa na mkaa anatia magadi ili yaive haraka. Yanaiva kweli, yanakuwa laini kama uji, lakini rangi inakuwa nyeusi nyeusi, mchuzi unateleza, na kwa nyuma ya ulimi unasikia usabuni. Magadi yanaua vitamini fulani ndani ya maharage na kuongeza chumvi mwilini. Mtu aliyewahi kuloweka maharage yake usiku na kuyapika taratibu anaijua tofauti kwa kijiko cha kwanza. Wewe nilikuona ukila maharage yale ya magadi pale kona, ukasema matamu. Sikukulaumu. Hujawahi kuonja yasiyo na magadi tangu ulipotoka kwangu una miaka kumi na mbili.

Sasa nikueleze jambo ambalo hata mama yako halijui.

Ilikuwa Februari 1998, mchele umepanda bei kwa ajili ya zile mvua, na jioni moja nikabakiwa na wali karibu nusu sufuria. Kuumwaga niliona dhambi. Nikaufunika, ukalala jikoni katika joto lile la Februari. Asubuhi nikauchanganya na wali mpya, nikapalia makaa juu ya kifuniko mpaka ukafuka mvuke. Nilidhani moto unaua kila kitu. Watu wakala mchana. Kufikia saa tisa, wanne kati yao walikuwa wanatapika nyuma ya ukuta wa kiwanda. Kesho yake wote walikuwa wazima, namshukuru Mungu, lakini usiku ule sikulala. Nilikwenda zahanati mwenyewe kuuliza, na muuguzi mmoja akaniketisha akanieleza. Wali una bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemka. Wali ukiachwa katika joto usiku kucha, mbegu zile zinaota na kutoa sumu, na sumu ile ikishatoka, kuupasha wali moto hakuiondoi. Nilikwenda kwa kila mmoja wa wale wanne kuomba radhi. Wawili hawakurudi kula kwangu tena, na walikuwa na haki.

Tangu siku hiyo wali uliobaki niliugawa jioni ile ile kwa watoto wa jirani, ungali wa moto. Nilipoteza hela kidogo kila wiki kwa miaka ishirini na moja na sijutii hata senti. Lakini jambo linaloniuma mpaka leo ni kwamba mmoja wa wale wanne alikuwa ameonja, akasema, "Mama, wali wa leo punje nyingine ngumu." Alikuwa na elimu ya jikoni. Nikamjibu kwamba mchele umechanganywa na muuza duka. Akaniamini, akala. Mjukuu wangu, ukisikia punje ngumu ndani ya punje laini, acha sahani. Usimwamini hata bibi.

Na ukitaka kujua mahali pa kula, fika mapema siku moja, saa nne, kabla watu hawajajaa. Tazama maji ya kunawa yanatiririka kwenye ndoo yenye koki au mnachovya wote bakuli moja. Tazama kama kuna sabuni. Kipindupindu kilipoanza hapa Dar es Salaam Agosti 2015, wateja wengi waliogopa ugali wa moto wakaendelea kula kachumbari na tikiti lililokatwa tangu asubuhi. Walikuwa wamegeuza mambo. Ugali umetoka kwenye moto sasa hivi; kachumbari haijapitiwa na moto hata kidogo, usalama wake wote uko kwenye maji yaliyoioshea na mikono iliyoikata. Pale usipoyajua maji, kula kilicho cha moto na ndizi unayoimenya mwenyewe.

Kuna jambo jingine la kazi yangu ambalo sijawahi kusikia mtu akiwaambia vijana wa ofisini, na ningependa ulishike. Sahani ya mama ntilie haikupimwa kwa ajili yako. Mlima ule wa wali, au ule ugali wa kujaza sahani, mimi niliupima kwa mwili wa mtu anayebeba saruji. Mfuko mmoja ni kilo 50, na mtu wangu alishusha mifuko mia kabla ya saa sita. Chumvi nayo niliipima kwa jasho lake. Alipokaa mezani shati lilikuwa na ramani nyeupe mgongoni. Chakula kile kwake kilikuwa haki. Wewe unakaa kwenye kiti kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja, unainuka mara mbili, halafu unakula sahani ya mbeba saruji na soda juu yake. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo kimehesabiwa kila unachokula, asubuhi mpaka usiku. Babu yako alikufa kwa presha. Mjomba wako ana sukari. Mwambie yule mama, kwa heshima, "Mama, nipunguzie wali, niongezee mboga za majani, hela ni ile ile." Atakupa, na atafurahi, maana mchicha kwake ni rahisi kuliko mchele. Ukila kwa namna hiyo, kibanda kitakutunza hata zaidi ya jikoni kwako, kwa sababu pale kuna mboga tatu kila siku, na wewe nyumbani ungepika moja.

Usiombe chumvi ya juu. Hilo nalitaja na kulipita.

Lakini usidhani benchi la mama ntilie ni la chakula tu. Jina lenyewe la mama ntilie lilianza hivi: mtu anafika na sahani yake, anasema, "Mama, nitilie." Wakubwa baadaye wakaona jina halina heshima, wakasema tuitwe mama lishe, na wanaume wa kazi hii baba lishe. Mimi jina la kwanza silikatai. Mtu anaponiambia nitilie, amenikabidhi njaa yake.

Alikuwepo kijana mmoja mbeba mizigo, mtu wa Kigoma, hana ndugu mjini. Kila siku saa saba kasoro robo, ugali na dagaa, anakaa pembeni kabisa ya benchi. Siku moja hakuja. Siku ya pili nikauliza wenzake, wakasema labda amepata kazi kwingine. Siku ya tatu nilimwachia dada yako mdogo upawa, nikafuata njia mpaka chumba chake Keko Machungwa. Nilimkuta sakafuni, malaria imempanda, midomo imekauka, hawezi kusema jina lake. Tulimpakia kwenye mkokoteni mpaka hospitali. Yuko hai. Jirani zake wa ukuta kwa ukuta hawakujua, kwa sababu mjini milango imefungwa. Mimi nilijua kwa sababu sahani moja ilibaki. Programu ya simu inayokuletea chakula haitauliza mbona huonekani. Kwa hiyo chagua mahali pamoja, uwe mtu wa hapo, yule mama alijue jina lako na wewe ulijue lake. Msalimie kabla ya kuagiza. Shikamoo haipunguzi mshahara.

Na umlipe. Papo hapo, hela mkononi. Wewe unaona shilingi 2,000 ni kitu kidogo cha kusubiri mwisho wa mwezi. Kwake ndiyo nusu ya maharage ya kesho. Mwaka 1999 kampuni moja ya ujenzi iliniomba niwalishe mafundi wake thelathini kwa mkopo. Nililisha wiki sita, nikiandika kwenye daftari, tarehe na idadi. Kazi ikaisha, wakahama, sikulipwa hata sahani moja. Nilikula mtaji wangu wote na hela ya mchezo wa upatu niliyokuwa nimeshika zamu. Siku hizi wanawake wa kazi hii wakikopwa hivyo wanakimbilia mikopo ile mnayoiita kausha damu, asubuhi wanakopa, jioni wanadaiwa na riba juu. Deni lako dogo linaweza kuwa ndilo lililomsukuma huko. Nikisikia wewe uko kwenye daftari la mama wa watu, nitapanda daladala nije kulipa mwenyewe, na nitakuwa nimeaibika.

Vilevile akipandisha bei kwa sababu ameacha mkaa na kuanza gesi, usinung'unike. Kikohozi changu unachokisikia usiku ukija nyumbani ni cha jikoni. Miaka 27 nimeinama juu ya moshi. Serikali imeweka lengo kwamba kufikia mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, nami naomba lifikiwe. Lakini lengo hilo litalipwa na mtu, na sehemu ya malipo ni hiyo nyongeza ndogo kwenye sahani yako.

Sasa turudi kwenye sufuria zako.

Kama mchana unakula vizuri kwa jirani, kwa nini upike? Nimekwambia moja, kwamba kupika ndiko kunakufungua macho. Lakini ziko siku pia. Jumapili mama ntilie amefunga. Mfungo, wengine wanafunga mchana kutwa. Mvua kubwa, njia imejaa maji. Siku unaumwa na unatamani uji wa ndimu na pilipili manga na hakuna anayeuuza. Na siku mgeni anagonga mlango saa mbili usiku. Mimi nilikuja kwako, mjukuu wangu, na ukaniagizia kuku kwenye boksi. Nilikula, na nilijua umetumia hela nyingi kwa kunipenda. Lakini wewe hukuinuka kwenye kochi kupika, na hapakuwa na harufu ya kitunguu ndani ya nyumba, na nilipoondoka nilihisi nimelala gesti. Nilitamani chai ya tangawizi uliyoichemsha mwenyewe, hata kama ingekuwa imezidi majani.

Usiniambie jiko ni la wanawake. Pilau ya harusi na maulidi huku pwani, zile sufuria za kukorogea kwa mwiko mrefu kama kasia, nani anaipika? Wanaume. Mabaharia wa majahazi wanapikiana wenyewe kwa wenyewe. Babu yako alisonga ugali mzuri kuliko wangu, na hilo nalisema akiwa kaburini ambako hawezi kujivuna.

Sitaki upike kila siku, wala ujue vyakula ishirini. Jua vitatu: ugali na mboga ya majani, wali, na maharage ya nazi. Ukivijua hivyo, umejua moto mkali na moto wa chini, umejua maji na mafuta na chumvi, na mengine yatafuata yenyewe. Na usipike peke yako. Nyumba ile mko wapangaji watano, wote vijana, wote mnaagiza kila mmoja boksi lake. Changeni. Jumamosi wewe, Jumapili mwingine. Hapo sufuria yenu inakuwa kubwa, na ile hesabu uliyonilalamikia inageuka: nusu kilo ya maharage inalisha wote watano na kabichi linaisha lote. Kwa kuwa hamna friji, mtakula chakula kikiwa cha moto kama kilivyotakiwa.

Maharage nitakuonyesha mimi, ila nianze kukwambia ili uwe tayari. Unayamwaga kwenye sinia, unayasukuma kwa vidole machache machache, unatoa mawe na yaliyotobolewa. Usiharakishe hapo, ndipo meno yanapookolewa. Unayaosha, unayaloweka usiku mzima kwenye maji mengi, maana yatavimba karibu mara mbili. Asubuhi yale maji unamwaga, unaweka mapya, unachemsha kwa moto mkali kwanza. Maharage mekundu hasa lazima yachemke kweli kweli. Yakipikwa kwa uvuguvugu yana sumu inayochafua tumbo. Yakishachemka vya kutosha ndipo unapunguza moto, unafunika. Ukibana harage moja kati ya dole gumba na kidole cha shahada likapondeka bila kubaki kiini kigumu, yameiva. Kuloweka peke yake kumekuokolea gesi nyingi na magadi hayana kazi tena.

Tui ndilo linalowashinda wengi. Ukikuna nazi unaikamua mara ya kwanza kwa maji kidogo, hilo ni tui zito, unaliweka pembeni. Unakamua mara ya pili na ya tatu, hilo jepesi, ndilo maharage yanapikiwa pamoja na kitunguu na nyanya. Tui zito linaingia mwishoni, moto umeshushwa, na hapo usiondoke. Koroga taratibu kwa upande mmoja mpaka lianze kuchemka. Ukiligeuzia mgongo ukashika simu, linakatika, mafuta yanakwenda kivyake na maji kivyake, na hakuna dawa. Ni dakika tano tu za kusimama. Utasikia harufu ikibadilika kutoka ubichi hadi utamu, na pua yako itaikumbuka harufu hiyo maisha yako yote.

Nitakuja Jumamosi ijayo, nitashuka Tabata Relini kama saa tatu. Ijumaa usiku kabla ya kulala loweka nusu kilo ya maharage. Nunua nazi mbili, uzitikise sikioni. Isiyo na maji ndani iache. Nyanya nne, vitunguu viwili, kilo moja ya mchele, na mchicha mafungu matatu utakaochukua asubuhi, si wa jana. Waambie wenzako wanne wasile mahali pengine. Yule mama ntilie wako wa pale kona naye mkaribishe. Jumamosi huwa anafunga saa nane, na nina hakika miaka mingi hajaketi akapakuliwa. Karatasi ile ya bei itoe kwa maji ya moto, ikiungua chini ya sufuria haitoki. Mbuzi ya kukunia nitakuja nayo mimi.